Damu Inavyotunza Hesabu ya Mionzi

Mfanyakazi aliyesahau kuvaa kipimo chake cha dozi, au mtu aliyeokota chanzo cha mionzi bila kujua, bado anaweza kukadiriwa alipata kiasi gani. Kutapika peke yake si ushahidi wa kutosha, maana hofu nayo hutapisha. Kinachosomwa ni kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, za limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu. Nyingi ya seli hizi huzunguka mwilini bila kugawanyika, ndiyo maana majeraha yake hubaki yakisubiri kusomwa.

Mionzi ikikata kromosomu mbili zilizo karibu, seli hujaribu kuunga vipande na pengine huviunga visivyo. Hutokea kromosomu moja yenye sentromia mbili (sentromia ni kiuno cha kromosomu, na kwa kawaida huwa kimoja), iitwayo disentriki, na pembeni yake kipande kisicho na sentromia. Ni vitu vichache sana visivyo mionzi vinavyoleta disentriki. Kwa mtu asiye na historia ya mionzi, huonekana takriban 1 katika seli 1,000. Akipigwa na mionzi ya gamma ya grei 1 (grei ni kizio cha dozi ya mionzi) kwa muda mfupi, hufika karibu 10 katika seli 100. Kwa grei 2 huwa karibu 30, wala si 20, kwa sababu dozi inapopanda, mipigo miwili tofauti huweza kukata kromosomu mbili kwa wakati mmoja. Kila maabara huandaa mchoro wake wa kugeuza idadi ya disentriki kuwa dozi. Kuazima wa jirani ni kukaribisha makosa.

Kazi nyingi huharibikia kwenye sampuli, kabla hata hadubini haijawashwa. Damu, kama mililita 10, ichukuliwe kwenye mrija wenye heparini ya lithiamu, dawa ya kuzuia damu isigande. EDTA, kizuia-kuganda kingine, haifai, kwani hunasa kalsiamu ambayo limfosaiti huihitaji ili zianze kukua. Ikihisiwa kwamba mionzi ilipiga sehemu tu ya mwili, ni vyema kusubiri saa 24, ili limfosaiti zilizo kwenye damu zichanganyike na zile zilizo kwenye tishu. Mrija usafiri kwenye joto la kama nyuzi 20 za Selsiasi. Ukigandishwa, seli hufa na hakuna cha kuotesha. Kifurushi kinachopita uwanja wa ndege kiandikwe wazi kuwa kisipitishwe kwenye eksirei, na ndani yake kiwekwe kipimo cha dozi. Vinginevyo tutabishana baadaye kama ni mgonjwa aliyepigwa au ni mrija. Fomu itaje pia tiba yoyote ya mionzi aliyowahi kupata, maana nayo huacha disentriki.

Maabarani, seli huamshwa kwa fitohemaglutinini, protini ya maharage mekundu, na kuoteshwa kwa saa 48 kwenye nyuzi 37. Muda huo una sababu. Seli ikigawanyika mara ya pili, disentriki nyingi huwa zimeshapotea, na dozi itasomeka ndogo kuliko ilivyokuwa. Saa chache za mwisho huongezwa kolsemidi ili kuzisimamisha seli katikati ya mgawanyiko. Kisha huvimbishwa kwa maji ya kloridi ya potasiamu, huhifadhiwa zisiharibike kwa methanoli na asidi ya asetiki kwa uwiano wa 3 kwa 1, na kupakwa rangi ya Giemsa, ileile ya kusomea malaria.

Msomaji huhesabu seli zenye sentromia 46 kamili tu. Uchunguzi wa kawaida huendelea hadi seli 500 au disentriki 100, lipi litangulie, na huweza kugundua dozi ya kuanzia grei 0.1 hivi. Penye majeruhi wengi husomwa seli 50 kwa kila mtu: hazitoshi kwa dozi ndogo, lakini zinatosha kumtenga anayehitaji daktari haraka. Mbinu hii ilitumika Goiânia, Brazil, mwaka 1987, chanzo cha sesiamu-137 kilichotelekezwa kilipovunjwa na watu 4 wakafa.

Mtawanyiko nao husomwa. Seli nyingi zikiwa safi huku chache zikiwa na disentriki mbili au tatu kila moja, kuna uwezekano kuwa sehemu tu ya mwili ndiyo iliyopigwa, na wastani wa mwili mzima utaficha dozi ya sehemu hiyo.

Disentriki hupungua kadiri miaka inavyopita. Kwa aliyepigwa zamani, maabara hutafuta badala yake kromosomu zilizobadilishana vipande bila kupata sentromia ya ziada, kwa rangi zinazong'aa chini ya hadubini. Hizo huweza kuvuka mgawanyiko wa seli na kudumu kwa miaka mingi, ila huongezeka pia kwa umri, hivyo umri wa mtu lazima uingizwe kwenye hesabu.