Msukosuko wa fedha: ni kosa la soko huria au la mdhibiti?

Msukosuko wa fedha ni hali ambayo wenye pesa wanapoteza imani na benki na taasisi nyingine za fedha kwa wakati mmoja, hata taasisi iliyo nzima ikakosa wa kuikopesha. Hasara peke yake si msukosuko, kwa kuwa benki moja inaweza kufilisika Jumatatu na biashara zikaendelea Jumanne. Kinachouleta ni hofu inayoruka kutoka taasisi moja hadi nyingine.

Kuhusu chanzo chake, wabishi wamegawanyika, na wote hupenda kutaja Marekani ya mwaka 2008. Wanaolaumu soko hukumbusha kwamba sheria ya mwaka 2000 iliacha nje ya udhibiti mikataba ya kukingiana hasara, ambayo upande mmoja huulipa mwingine ada ili ubebe hasara mkopo usipolipwa, na mikataba hiyo ndiyo iliyoipeleka kampuni ya bima ya AIG ukingoni. Wanaolaumu serikali hujibu kwamba Benki Kuu ya nchi hiyo ilishusha riba hadi asilimia 1 mwaka 2003 na kuiacha hapo kwa mwaka mzima, mikopo ikawa rahisi kupita kiasi. Wote wana ushahidi, lakini kwa maoni yangu swali lenyewe limekosewa, na kanuni moja ya mtaji inatosha kulionyesha hilo.

Mtaji wa benki ni fedha za wenye hisa, zinazobeba hasara kabla fedha za wateja hazijaguswa. Makubaliano ya mwaka 1988 yaliyopewa jina la mji wa Basel, Uswisi, yalitaka mtaji usiopungua asilimia 8 ya mali za benki, baada ya kila mali kupimwa kwa uzito wa hatari yake. Mkopo wa dola 100 kwa kampuni ulidai mtaji wa dola 8. Mkopo wa nyumba wa kiasi hicho hicho, ukiwa na uzito wa asilimia 50, ulidai dola 4. Kisha mwaka 2001 wadhibiti wa Marekani waliamua kwamba hatifungani zilizoundwa kwa kufungasha mikopo ya nyumba pamoja, zikipata AAA, alama ya juu kabisa ya kuonyesha kwamba deni litalipwa, zihesabiwe kwa uzito wa asilimia 20, yaani dola 1 na senti 60 tu. Wakopaji walikuwa wale wale na nyumba zile zile. Kilichobadilika ni karatasi.

Na alama hiyo ilitolewa na nani? Na kampuni binafsi zilizolipwa na wauzaji wa hatifungani zenyewe, huku Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani ikiwa imezitambua rasmi kampuni za aina hiyo tangu 1975. Tamaa ilikuwa ya soko, lakini mlango uliopitiwa ulifunguliwa na kanuni.

Uokoaji nao ulichanganya mambo. Machi 2008 Benki Kuu iliisaidia benki ya JPMorgan kuinunua Bear Stearns, benki ya uwekezaji iliyokuwa ukingoni mwa kufilisika, na wengi wakaamini kwamba wakubwa hawataachwa waanguke. Tarehe 15 Septemba benki nyingine ya uwekezaji, Lehman Brothers, ikaachwa ifilisike, na kesho yake AIG ikapewa mkopo wa dola bilioni 85. Kuanzia hapo hakuna mkopeshaji aliyejua ni taasisi ipi italindwa, na pesa zikafungiwa.