Mashine haiwajui bakteria: dhana potofu kuhusu sahani za Petri

Dhana: Mashine ya kuhesabia huhesabu bakteria.
Huhesabu madoa. Kamera hupiga picha ya sahani ya Petri, kisahani chenye kifuniko cha kuoteshea bakteria, programu hupima rangi, ukubwa na umbo la kila doa, kisha huamua lipi ni koloni, yaani kundi la bakteria lililoota hadi kuonekana kwa macho. Povu la hewa au chembe ya maziwa yaliyoganda huingia kwenye hesabu bila kupiga hodi. Hata koloni halisi huenda ilianzia kwa bakteria mmoja au kwa kishada kizima, kama Staphylococcus wanavyopenda kukaa. Ndiyo maana majibu huandikwa kwa CFU, yaani vizio vinavyounda koloni.

Dhana: Koloni zikiwa nyingi si neno, mashine ina kasi.
Kasi inayo. Ila koloni zikibanana huungana, na tatu husomwa moja. Kwenye sahani ya kawaida ya milimita 90 tunataka koloni 30 hadi 300. Wengine hushika 25 hadi 250. Kufika hapo ni kazi ya kuzimua: mililita 1 ya sampuli ndani ya mililita 9 za maji ya kuzimulia, tikisa vizuri, badilisha ncha ya pipeti, rudia. Tuseme umezimua maziwa mara 10,000, ukatandaza mililita 0.1, zikaota koloni 150. Maziwa hayo yana CFU milioni 15 kwa kila mililita. Ukikosea pipeti mara moja tu, kosa hilo nalo linazidishwa, na kamera haina habari.

Dhana: Andika popote, mradi pasomeke.
Hii ilinitia aibu. Niliandika namba na tarehe katikati ya kitako cha sahani, kwa wino mweusi. Mashine ikanipa koloni saba kwenye sahani tupu ya kulinganishia. Nikamwaga agari nzima, yaani jeli wanamoota bakteria, nikidhani imeingia uchafu, kumbe ulikuwa mwandiko wangu. Andika ukingoni mwa kitako, kwa herufi ndogo. Usiandike kwenye kifuniko, vifuniko hubadilishana.

Dhana: Kulaza sahani kifudifudi ni mazoea tu.
Sahani hutoka jasho. Tone likidondoka kutoka kwenye kifuniko, bakteria huogelea, na koloni hutambaa kama uji uliomwagika. Lakini kugeuza hakutoshi: agari imiminwe ikiwa imepoa hadi nyuzi 45 hadi 50, mililita 15 hadi 20, juu ya meza iliyonyooka, kisha sahani zikaushwe kabla ya kupandwa. Agari ikiwa nene upande mmoja, mwanga haupiti sawasawa.

Dhana: Tia rangi ya TTC, mambo yameisha.
TTC husaidia kweli: koloni nyingi huwa nyekundu, chembe za chakula hubaki na rangi yake. Tatizo ni kwamba huzuia baadhi ya bakteria kuota, hivyo sahani inaweza kupendeza huku hesabu ikiwa pungufu. Kila ninapoanza aina mpya ya sampuli, napanda sahani kadhaa zenye TTC na nyingine bila TTC, nazihesabu zote kwa macho, kalamu mkononi, ndipo naipa mashine zamu yake.