Kabla hujapokea "caparra" (pesa ya kutanguliza, kwa Kitaliano): maelezo kwa wenyeji na wawekezaji wa Watamu

Barua za malalamiko zinazoletwa ofisini kwetu zimeongezeka mwaka huu, na nyingi zinaanza kwa sentensi ile ile: kwamba ofisi za serikali zinafukuza wawekezaji hapa Watamu, pwani ya Kenya. Mwenye duka anaandika hivyo, dalali anaandika hivyo, na majuzi mzee mmoja alikuja mwenyewe. Akaketi, akakataa chai, akasema: "Mwanangu, yule Mtaliano angefungua duka la aisikrimu, vijana wanne wangepata kazi. Nyinyi mkamtaka karatasi, akaenda zake Diani." Nilimsikiliza mpaka mwisho, maana ni haki yake kuuliza. Haya ni majibu yangu kwake, na kwa wengine wanaouliza hilo hilo.

Nililitafuta faili. Mtaliano huyo hakuondoka kwa sababu ya leseni, kwani hakufika hata hatua ya kuiomba. Aliondoka kwa sababu alikwishalipa pesa za kiwanja ambacho sheria haimruhusu kukimiliki kwa namna aliyoahidiwa. Ahadi hiyo alipewa kwa Kitaliano fasaha, chini ya mwembe, wakili hayupo.

Watamu ina bahati ambayo miji mingi ya pwani haina. Hifadhi ya bahari ilitangazwa mwaka 1968. Magofu ya Gede, ambayo wengine tuliyazoea kama njia ya mkato ya kwenda shule, yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Mkono wa bahari wa Mida uko hapo, msitu wa Arabuko Sokoke uko hapo, na uwanja wa ndege wa Malindi hauko mbali. Juu ya hayo tuna lugha mbili, Kiswahili na Kitaliano. Wataliano waliizoea pwani hii tangu miaka ya 1960, kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco kilipojengwa Ngomeni. Mwaka 1967 setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa ile iliyopewa jina la Uhuru. Leo kijana wa ufuoni ambaye hakupata nafasi ya sekondari anampangia mgeni safari ya Mida kwa Kitaliano chenye utani ndani yake. Mwenye biashara anayetoka Italia hahitaji mkalimani wa kuajiri mpishi, kununua samaki wala kugombana na fundi. Huo ni mtaji, na sisi ofisini tunautaja kila tunapozungumza na wawekezaji.

Tatizo linaanza pale Kitaliano cha mezani kinapogeuzwa Kitaliano cha mkataba.

Neno linalotusumbua zaidi ni "caparra". Ukiuliza mtaani utaambiwa ni arbuni, basi. Na kweli maneno haya ni ndugu wa mbali: arbuni imetufikia kupitia Kiarabu, na caparra imebeba ndani yake neno la Kilatini lenye asili hiyo hiyo ya Mashariki ya Kati. Ila ndugu hawa hawakulelewa nyumba moja. Kwa mazoea yetu, mnunuzi akitoa arbuni kisha akabadili nia, arbuni imeliwa. Muuzaji akibadili nia, hurudisha alichopokea na kuomba radhi. Kwa sheria ya kiraia ya Italia, kifungu cha 1385, mnunuzi akivunja ahadi anaipoteza caparra vivyo hivyo, lakini muuzaji akivunja anadaiwa maradufu. Sasa mweke Mtaliano anayeamini analindwa na hayo maradufu, mweke na mwenyeji anayeamini amepokea arbuni ya kawaida, kisha katikati yao mkalishe dalali anayetafsiri huku akipiga hesabu ya asilimia yake.

Karatasi hizo nimeziona nyingi. Ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la mistari, neno "caparra" kwa kalamu ya bluu, kiasi kwa yuro, sahihi mbili, na pembeni duara la kikombe cha kahawa. Namba ya kiwanja huwa haipo. Jina la mwenye hati pia huwa halipo.

Kwa sheria ya Kenya, mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, usainiwe na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwepo wakati inatiwa. Usipotimiza hayo, huwezi kwenda mahakamani kuudai utekelezwe. Tunalisema hili kila mwaka, na kila mwaka tunajibiwa: "Lakini tulishikana mikono." Hatuna daftari la kusajili mikono iliyoshikana.

Kuhusu umiliki, naomba lisomwe taratibu. Kifungu cha 65 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema mtu asiye raia anaweza kuwa na ardhi kwa ukodishaji tu, na muda wake hauzidi miaka 99. Hati ikiandikwa kwamba anapata zaidi ya hapo, sheria inaichukulia kuwa ni ya miaka 99 na si zaidi. Kwa hiyo yule anayemwambia mgeni "hii ni yako na wajukuu wako milele" hajamuuzia umilele, amemuuzia neno. Miaka 99 inatosha kabisa kwa hoteli, kwa duka la aisikrimu na kwa shule ya kuzamia. Wawekezaji makini wanaielewa na kuipangia hesabu. Anayekasirika ni yule aliyegundua baada ya kulipa.

Hapo hutokea ujanja wa aina mbili, na kwa kuwa naulizwa kila wiki nitaujibu wote. Wa kwanza ni kusajili kampuni, Mkenya akapewa hisa chache, kisha kampuni ikanunua ardhi ya umiliki wa kudumu. Katiba imeliona hilo: kampuni inahesabiwa kuwa raia ikiwa tu inamilikiwa yote na raia. Hisa moja ya mgeni inatosha kuifanya kampuni isiwe raia kwa jambo hili. Wa pili ni Mkenya, mara nyingi mchumba au mlinzi wa nyumba, kuandikisha ardhi kwa jina lake "kwa niaba". Katiba imeliona na hilo: mali iliyowekwa amana inahesabiwa ya raia pale tu manufaa yake yote yanapokuwa ya raia. Mgeni akigombana na mchumba hana pa kushika, na mchumba naye anabaki na hati inayomletea kesi. Sitazungumzia mambo ya ndani ya watu, lakini mafaili ya namna hiyo ni manene.

Ardhi ya kilimo ina mlango wake peke yake. Uuzaji na hata ukodishaji wake unahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi linapelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba kufanywa. Idhini isipopatikana, mkataba unakuwa batili, na pesa iliyolipwa inadaiwa kama deni kwa aliyeipokea. Ombi likiwa la kumpa ardhi hiyo mtu asiye raia, bodi inatakiwa kulikataa, isipokuwa pale Rais anapotoa msamaha maalumu. Shamba la minazi likipigwa picha kutoka juu na kuitwa "kiwanja cha ufuoni" kwenye intaneti halijaacha kuwa shamba. Kwa hiyo fanya upekuzi rasmi kwenye usajili wa ardhi kwanza, arbuni baadaye, na pesa ipitie kwa wakili.

Kufanya kazi nako kunachanganywa na kuwa na kampuni. Cheti cha kampuni hakikupi ruhusa ya kusimama nyuma ya kaunta. Mwekezaji wa kigeni anahitaji kibali cha daraja G, ambacho pamoja na mengine kinataka athibitishe mtaji usiopungua dola 100,000 za Marekani. Anayefanya kazi bila kibali ametenda kosa, na faini yake haizidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Anayemwajiri mgeni asiye na kibali naye ana kosa lake. Ruhusa ya kuingia nchini kama mtalii haiwi kibali cha kazi kwa kuwa umekuwa ukija Watamu kila Krismasi kwa miaka ishirini.

Ukishavuka hayo, yaliyobaki ni mepesi, ingawa ndiyo yanayolalamikiwa. Jina la biashara au kampuni husajiliwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kisha PIN, yaani namba ya mlipa kodi, ya KRA (mamlaka ya mapato), kisha leseni ya kaunti kulingana na aina na ukubwa wa biashara. Biashara ya chakula inakaguliwa na afya ya umma, na kila anayegusa chakula hupimwa afya kila miezi 6, akiwemo mwenye mkahawa kama anaingia jikoni. Mauzo ya mwaka yakiwa kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25, mkaazi anaweza kulipa kodi ya mauzo ya asilimia 3, na ripoti yake inapelekwa si baada ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukichelewa kuipeleka ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Ukichelewa kulipa ni asilimia 5 ya kodi, pamoja na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Hata mwezi ambao hukuuza kitu, ripoti inapelekwa. Msimu wa chini hausimamishi kalenda ya KRA.

Wenye nyumba za kukodisha wageni, tafadhali. Nyumba unayoitangaza kwa Kitaliano, yenye picha ya bwawa na bei kwa usiku mmoja, ni biashara ya utalii na inahitaji leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Kuiita "nyumba ya familia" hakubadilishi lolote.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Faini ni kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ufuoni wala hifadhini tangu Juni 2020. Mirija imo.

Waajiri nao, Kitaliano kisiwaponze. Kibarua cha miezi 3 au zaidi kinahitaji mkataba wa maandishi, na mfanyakazi asiyejua lugha ya mkataba ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Mpishi anayesema "ciao, tutto bene" hajakuambia kwamba ameelewa kipengele cha likizo.

Mji wetu hauhitaji pizzeria nyingine, ingawa hatuwezi kumkatalia mtu. Tunahitaji dobi wa kisasa, karakana ya injini za boti, chumba baridi cha samaki, duka la vifaa vya kuzamia, biashara ambazo Mei haiziui. Ukipita kati ya Aprili na Juni, kusi imeanza kuvuma, mwani umejaa mchangani na nusu ya milango imefungwa, utaelewa kwa nini. Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa, waliotegemea wageni wa lugha moja ndio walioumia mapema. Wageni wa Nairobi wanaokuja na watoto likizo za shule nao ni wateja, hata kama hawaagizi espresso.

Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili. Ofisi haina dalali wake, na anayejitambulisha hivyo anadanganya.

Yule mzee alirudi Ijumaa na mjukuu wake, na ameniruhusu nieleze hili mradi nisimtaje. Safari hii chai alikunywa. Akatoa mfukoni ukurasa wa daftari uliokunjwa mara nne, akaufungua juu ya meza, akataka kujua kama ni kweli atadaiwa maradufu. Kumbe kiwanja kilikuwa chake. Nikamwambia inategemea ni cha mji au ni shamba, nikamwomba namba yake. Akamtazama mjukuu, mjukuu akaitazama karatasi. Tukaanzia hapo.