Kutaja makumi si kujua makumi

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mwalimu mwenzangu: "Hawa wa gredi ya pili thamani ya nafasi wameshaimaliza," yaani wanajua kwamba thamani ya tarakimu hutegemea mahali ilipoandikwa. Kwa nini anasema hivyo? Kwa sababu akiandika 47 ubaoni, darasa zima linaitikia: nne makumi, saba mamoja! Basi, alama zinatiwa, mada inafungwa.

Jaribuni hivi. Mpe mtoto vifuniko vya soda 16, avihesabu mwenyewe na aandike 16. Zungushia ile 6 kwa penseli, mwambie akuonyeshe vifuniko vyake. Atatenga sita. Sasa zungushia ile 1. Wengi hukutengea kifuniko kimoja. Vile tisa vilivyosalia havina mwenyewe, na mtoto haoni tatizo lolote. Jaribio hili alilitumia Constance Kamii, mwanafunzi wa Piaget, yule mwanasaikolojia wa watoto, kwa watoto wa Marekani katika miaka ya 1980, nao wengi walijibu vivyo hivyo. Na huyo anayekutengea kimoja atakwambia bila kusita kwamba 1 iko makumi. Amejua jina la chumba, ndani hajaingia.

Dawa tunaijua sote: njukuti za fagio, uzi, mafungu ya kumikumi. Ila afunge mtoto na afungue mtoto. Fungu lililofungwa na mwalimu nyumbani halimfundishi kitu.

Linaloniudhi zaidi ni kudhani kwamba kumi ni jambo la wazi. Hapa Lamu si wazi hata kidogo. Miti ya mikoko huuzwa kwa korja, na korja ni miti 20. Mtoto ambaye babake ni mkata boriti anajua kufungasha kuliko sisi walimu, ila fungu lake ni ishirini. Mwambie korja mbili na miti sita, aandike 26, na miti ni 46. Mwalimu humpiga mkasi, huku yule anayeimba "nne makumi" akipata tiki. Kwangu mimi wa korja ndiye aliye karibu zaidi: ameshajua kwamba tarakimu moja yaweza kubeba fungu zima. Kinachomkosa ni mapatano mawili tu. Kwanza, katika maandishi haya fungu ni kumi. Pili, na hili ndilo gumu, mafungu nayo hufungwa kumikumi, ikawa mia, kisha elfu, bila kikomo. Korja mia hubaki korja mia. Makumi kumi huhamia nafasi nyingine. Hapo ndipo pa kukaa na watoto, hata kama ratiba inalalamika.

Tena watoto wetu wengi wana chuo cha Kurani jioni. Katika msahafu tano ni duara, ٥, na sufuri ni nukta, ٠. Kwa hiyo ٥٠ ni hamsini, na mtoto akiiona sufuri na nukta ana haki ya kuduwaa. Lakini Surat al-Baqara ina aya 286, na ٢٨٦ ina mbili ya mamia kushoto vilevile, ingawa maneno yote yanayoizunguka husomwa kutoka kulia. Muulizeni mtoto kwa nini sura za tarakimu zimebadilika na nafasi hazikubadilika. Ni swali zuri kuliko kurasa mbili za mazoezi.

Shaka yangu iko kwenye kutoa. 403 toa 178: mezani, kwa mafungu ya njukuti, mtoto wa gredi ya tatu anafungua mia moja vizuri, anabaki na mamia 3, makumi 9 na mamoja 13, anapata 225. Akishika penseli, kitambo kidogo tu baadaye, anaandika 375, kwa kutoa kila tarakimu ndogo kwenye kubwa. Vitabu vya mwalimu huandika kana kwamba mikono ikishajua, penseli nayo imejua. Sasa nawataka waandike 300, 90 na 13 kando ya mafungu kabla ya kutoa chochote. Baadhi wamefunguka. Wasiofunguka nawaondolea kwa muda ile mistari ya mamia, makumi na mamoja, maana naanza kuamini mistari yenyewe ndiyo inayowazoeza kuona tarakimu tatu zisizojuana.