Tuzungumze Kabla Figo Hazijachoka Kabisa

Mgonjwa anayelisikia neno dayalisisi, yaani kusafisha damu pale figo zinaposhindwa, kwa mara ya kwanza akiwa amelazwa, miguu imevimba na pumzi zinamkatika, hana tena nafasi ya kuchagua. Atawekewa mpira wa kupitishia damu kwenye mshipa wa shingoni siku hiyohiyo, na mpira huo ni njia rahisi ya vijidudu kuingia kwenye damu. Kwa sababu hiyo mimi huanza mazungumzo pale kipimo cha uchujaji wa figo kinaposhuka chini ya mililita 30 kwa dakika, hata kama mwenyewe bado anajiona mzima.

Wengi huuliza kwa nini mapema hivyo. Jibu langu ni mshipa: fistula, yaani ateri na vena kuunganishwa mkononi kwa upasuaji mdogo, huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, hadi vena itanuke na kuhimili sindano nene za mashine ya dayalisisi. Kwa hiyo ninaomba mkono asioandikia usitolewe damu wala kuwekewa dripu. (Vena nyingi nzuri tumeziharibu sisi wahudumu wenyewe.) Kuzungumza mapema, hata hivyo, si kuanza mapema, utafiti wa IDEAL wa Australia na New Zealand, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba walioanza mapema hawakuishi zaidi ya waliosubiri huku wakifuatiliwa kwa karibu.

Sianzi na mashine. Ninauliza kwanza siku yake inakwendaje, analala wapi, nani yuko naye nyumbani, kwa kuwa dayalisisi ya mashine kwa kawaida humtaka afike kituoni mara tatu kwa wiki, akikaa kwa muda wa takriban saa nne kila mara, ilhali ile ya tumboni, ambapo maji maalumu huingizwa tumboni kwa mpira kisha hutolewa yakiwa na uchafu wa damu, hufanyika nyumbani kila siku, na anayebadilisha maji hayo kwa mkono hufanya hivyo kama mara nne kwa siku. Mwenye ndugu wa kumpa figo anaweza kupandikizwa bila kupitia dayalisisi kabisa. Na kwa mzee mwenye maradhi mengi, kutoanza dayalisisi nako ni uamuzi halali: tutaendelea kumtibu upungufu wa damu, mwasho na kukosa pumzi.

Katika kikao cha pili humwomba mgonjwa anieleze yeye alichoelewa. Mmoja alinieleza kwa ufasaha kabisa jinsi ambavyo angekunywa yale maji ya tumboni. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo mfuko wa lita mbili pamoja na mpira wake huwa mezani, auinue na kuushika kabla sijasema neno.