Thanjavur: yanayosimuliwa kuhusu delta ya Kaveri, na yaliyo kweli

Ukitaja India katika pwani ya Afrika Mashariki, wengi watafikiria Gujarat na Kutch, maana huko ndiko yalikotoka majahazi ya msimu wa kaskazi, na huko ndiko walikotoka wazee wa wenye maduka wengi. Kusini-mashariki mwa India ni ulimwengu mwingine. Huko, katika jimbo la Tamil Nadu, mto Kaveri hujigawa matawi mengi kabla ya kufika Ghuba ya Bengal, na kwenye nchi hiyo tambarare iko wilaya ya Thanjavur, iliyohesabiwa watu wapatao milioni 2.4 katika sensa ya mwaka 2011. Ni wilaya ya mpunga, mahekalu, sanamu za shaba, picha za dhahabu na vinanda vya nyuzi.

Ni wilaya iliyozungukwa na hadithi pia. Kinachoniuma ni kwamba karibu kila moja ya hadithi hizo inamnyang'anya mtu sifa ya kazi yake: mchonga mawe, mpanda mpunga, mfua shaba. Ndiyo maana nimeona nizichukue mojamoja.

"Kivuli cha mnara wa hekalu hakigusi ardhi"

Hii inasambaa kuliko zote. Hekalu kubwa la Brihadisvara lilikamilika mwaka 1010 kwa amri ya mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola, na mnara wake wa mawe unakaribia mita 60. Husemwa kuwa wajenzi walipiga hesabu ya ajabu hata kivuli chake kisianguke chini kamwe. Kinaanguka. Mnara umejengwa kama piramidi, hivyo jua likiwa karibu na utosi kivuli hubaki juu ya kuta na kitako chake chenyewe. Nenda asubuhi au jioni, utakikuta kimelala uani, kirefu kabisa.

Wengine huongeza kuwa fahali Nandi, sanamu kubwa ya jiwe moja iliyo mbele ya hekalu, alikuwa anakua mwaka hadi mwaka. Hajakua, na hata si wa wakati wa Rajaraja. Alichongwa karne kadhaa baadaye, enzi za watawala wa Nayak.

Ukweli unastaajabisha kuliko uzushi. Delta ni nchi ya matope. Huwezi kuokota graniti shambani. Kila jiwe la hekalu lile lilichimbwa nje ya delta, likakokotwa, likachongwa, likapandishwa. Tena kuta zenyewe zimeandikwa kwa Kitamil, na maandishi hayo ni kama daftari la mwajiri. Wametajwa wanawake 400 waliocheza ngoma za ibada, kila mmoja kwa jina lake, hekalu alilotoka na nyumba aliyopewa, pamoja na ujira wake wa mpunga kwa mwaka. Wametajwa wapiga ngoma, washonaji, wafinyanzi, vinyozi na wahasibu. Mjenzi mkuu naye jina lake limo: Kunjara Mallan. Mali ya hekalu ilikopeshwa vijijini kwa riba, na riba hiyo ikalipia mafuta ya taa na chakula. Kwa hiyo Brihadisvara ilikuwa nyumba ya ibada, ghala na benki kwa pamoja, na uchumi wa delta ulizunguka uani kwake. Waliolijenga na kuliendesha waliandikwa kwenye jiwe ili wasisahauliwe, nasi miaka elfu moja baadaye tunasimulia habari za kivuli.

"Mchele wa India ni basmati, basi huko wanalima basmati"

Hapana. Basmati ni mchele wa kaskazini, chini ya milima ya Himalaya. Delta ya Kaveri hula michele mingine, na ule maarufu zaidi unaitwa Ponni, jina ambalo ni la mto wenyewe: Ponni ni jina la zamani la Kaveri, nalo linabeba maana ya dhahabu. Sehemu kubwa ya mchele wa huko huchemshwa ukiwa bado kwenye maganda, ukakaushwa, ndipo ukakobolewa. Wali wake hauna harufu kama ya basmati, lakini unakaa tumboni, na mtu wa jembe anahitaji hilo.

"Bwawa la Kallanai lina miaka elfu mbili, na tangu hapo delta haijakosa maji"

Hapa kuna kweli iliyochanganywa na ndoto. Kallanai ni ukuta wa mawe uliokatiza Kaveri pale delta inapoanzia, na mapokeo yanasema ni kazi ya Karikala Chola, mfalme wa zama za kale. Ni miongoni mwa kazi kongwe duniani za kugawa maji ambazo bado zinatumika. Lakini daraja na milango unayoiona leo juu ya ukuta huo ni ya juzi tu. Wahandisi wa Kiingereza wa karne ya 19 walikuta Kaveri unajaa mchanga, huku maji yakikimbilia tawi la kaskazini, Kollidam, ambalo lina mteremko mkali zaidi. Mwaka 1836 mmoja wao, Arthur Cotton, alijenga ukuta mwingine, upande wa juu wa mto, kuyarudisha. Yeye mwenyewe alikiri kuwa namna ya kusimamisha msingi kwenye mchanga usiojulikana kina chake alijifunza kwa wale wajenzi wa kale: unatupa mawe makubwa, yanazama, unatupa mengine juu yake, mpaka yatulie. Elimu hiyo aliipeleka baadaye kwenye mto Godavari.

Ama kuhusu maji kutokatika, muulize mkulima. Tangu mwaka 1934 maji ya delta hushikiliwa katika bwawa la Mettur, na siku ya kuyafungulia kwa kawaida ni tarehe 12 Juni. Siku hiyo ndiyo inayoamua kama mkulima atalima kuruvai, mpunga wa muda mfupi unaovunwa kabla ya mvua kubwa, au atasubiri samba, mpunga wa muda mrefu unaovunwa Januari wakati wa sikukuu ya Pongal. Ila bwawa hujazwa na mto unaoanzia jimbo jingine, Karnataka, ambako nako kuna wakulima na jiji kubwa la Bengaluru. Ugomvi wa majimbo haya mawili ni wa zaidi ya karne. Baraza maalumu liliundwa mwaka 1990, likatoa uamuzi mwaka 2007, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya India ikapunguza fungu la Tamil Nadu kutoka futi za ujazo bilioni 192 hadi bilioni 177.25 kwa mwaka. Mvua za juu zikichelewa, hukumu hiyo haijazi mfereji. Mwaka 2024 milango ya Mettur ilifunguliwa mwishoni mwa Julai, na kwa wasio na visima kuruvai ilikuwa imeshapita.

"Nchi ya rutuba, basi kila mtu ana shamba lake"

Hii ndiyo dhana inayonikera zaidi, kwa kuwa inaficha damu. Delta hii ilisifiwa kwa wingi wa mpunga karne nyingi, na karne hizo zote wengi waliopanda na kuvuna hawakumiliki hata kipande. Ardhi ilikuwa ya mahekalu, ya nyumba za watawa na ya mabwanyenye. Kazi ilikuwa ya watu wa tabaka la Dalit, lililowekwa chini ya matabaka yote, waliolipwa kwa vibaba vya mpunga. Tarehe 25 Desemba 1968, katika kijiji cha Kilvenmani, wakati huo kikiwa ndani ya wilaya ya Thanjavur, vibarua waliodai nyongeza ya ujira huo wa mpunga walivamiwa usiku. Watu 44, wengi wao wanawake na watoto, waliteketezwa ndani ya kibanda walichokimbilia. Wenye ardhi walioshtakiwa waliachiwa huru baadaye na Mahakama Kuu ya Madras.

Mama mmoja, Krishnammal Jagannathan, alikwenda huko na mumewe Sankaralingam baada ya mauaji yale na hakuondoka. Mwaka 1981 walianzisha shirika la LAFTI, lililokaa mezani na wenye mashamba na mabenki, likanunua ardhi na kuwakabidhi wanawake wasio na kitu, ekari moja moja, hati ikiandikwa kwa jina la mwanamke. Maelfu ya familia zilipata shamba kwa njia hiyo. Mtu akikuambia delta ni bakuli la wali la Tamil Nadu, muulize bakuli limeshikwa na nani.

"Thanjavur ni mpunga mtupu"

Kaskazini mwa wilaya, karibu na Kumbakonam, ndivyo ilivyo, ukiongeza na mashamba ya tambuu, jani lile lile linalotafunwa Lamu, Mombasa na Unguja. Shuka kusini, Pattukkottai na Peravurani, utakuta minazi. Maji ya mto yalifika upande huo kwa mfereji mkubwa wa miaka ya 1930, na baadaye wengi wakageukia nazi. Kimbunga Gaja kilipopiga Novemba 2018, minazi ililala chini shamba baada ya shamba. Anayejua mnazi hahitaji kuelezwa: mpunga ukiharibika utapanda tena msimu ujao, mnazi unakusubirisha miaka.

"Picha za Thanjavur zenye dhahabu ni sanaa ya wafalme wa Chola"

Wauzaji hupenda kusema hivyo, maana Chola ni jina kubwa. Michoro ya Chola ipo kweli, imo ndani ya Brihadisvara kwenye ujia mwembamba wenye giza, ikiwa imefunikwa na michoro ya Nayak hadi mwaka 1931 ilipogunduliwa. Lakini ile ni rangi juu ya plasta, ukutani. Picha tunazoziita za Thanjavur zilipata sura yake enzi za wafalme wa Maratha, watu wa magharibi mwa India walioitawala Thanjavur kuanzia miaka ya 1670 hadi Waingereza walipoichukua mwaka 1855. Kitambaa hugandishwa juu ya ubao kwa gundi ya mbegu za ukwaju, sehemu za mapambo zikainuliwa kwa unga wa chokaa, vikapachikwa vijiwe vya kioo, kisha karatasi nyembamba ya dhahabu, na rangi mwisho. Wachoraji wengi walikuwa wa jamii zenye asili ya Kitelugu, wakawachorea wafalme wasemao Kimarathi, katika mji wa Watamil. Hali kadhalika hariri ya Kumbakonam na Thirubuvanam: wengi wa wafumaji wake ni Wasaurashtra, ambao wahenga wao walihama kutoka upande wa Gujarat na bado wana lugha yao nyumbani. Anayeutafuta ufundi "safi" usiochanganyika hataupata hapa.

"Vina ya Thanjavur hutengenezwa kwa mti adimu wa thamani"

Vina ni kinanda kikubwa cha nyuzi, na hutengenezwa kwa mfenesi. Ndiyo, mti uleule wa mafenesi tunayoyajua. Ubao wake ni mwepesi, unavuma vizuri na hautafunwi na wadudu upesi; unaotakiwa zaidi hutoka Panruti, nje ya wilaya. Thamani iko kwenye mikono: kuchimba tumbo la chombo, hasa ile vina ya gogo moja lisilo na kiungo, na kupanga vizuizi 24 vya shaba juu ya nta iliyochanganywa na masizi, kila kimoja kikisogezwa kwa sikio mpaka sauti ikae. Mwaka 2013 vina hii ilipewa kiashirio cha kijiografia, yaani alama ya kisheria ya bidhaa ya mahali maalumu, ala ya kwanza ya muziki nchini India kupata hadhi hiyo. Kiashirio hulinda jina. Hakimpi fundi mwanafunzi.

"Sanamu za Swamimalai zina dhahabu nyingi, na hutolewa kwa kalibu moja"

Metali ya sanamu hizo huitwa panchaloha, maana yake metali tano, na watu hudhani zimechanganywa sawasawa. Si hivyo. Karibu yote ni shaba, pamoja na shaba ya manjano na risasi kidogo; dhahabu na fedha ni chembe tu, mara nyingi zile anazoleta mwenye kuagiza kwa ajili ya baraka.

Swamimalai ni mji mdogo kando ya Kaveri, na mafundi wake, wanaoitwa sthapati, huanza na kuti la mnazi. Hukata utepe wa jani kwa urefu wa sanamu inayotakiwa, wakaukunja mara kadhaa, na mikunjo ile ndiyo vipimo vya uso, kifua, goti na mguu. Kisha wanafinyanga sanamu nzima kwa nta iliyochanganywa na ulimbo. Nta inapakwa tope laini la mto, jembamba hata linaingia kwenye kila kidole na kila ushanga. Juu yake udongo mzito zaidi, halafu waya wa chuma. Ikichomwa, nta inayeyuka na kutoka, inabaki nafasi tupu. Shaba iliyoyeyuka inamiminwa humo. Ikipoa, udongo unavunjwa kwa nyundo, na fundi anakaa wiki nyingi na patasi akichonga macho, kucha na nywele.

Mwaka 2023 sanamu ya mungu Shiva anayecheza, yenye urefu wa futi 27 na uzito wa tani 18, ilitoka Swamimalai kwenda Delhi kusimamishwa mbele ya ukumbi wa mkutano wa G20. Nayo ilimiminwa kwa njia hiyohiyo ya nta na udongo. Kalibu lake halipo tena, kama ilivyo kwa sanamu zote za pale, na anayetaka nyingine kama ile itabidi aagize, fundi akakunje jani upya.