Je, wajua kwa nini ukivuka Tunduma saa inarudi nyuma?

Huku kwetu Mbeya mtu akiwa anajiandaa kwenda Zambia au Malawi kwa mara ya kwanza anauliza mambo matatu, pasipoti, hela, na gari la kupanda. Ni maswali ya maana. Ila kuna jambo moja hakuna anayekuambia mpaka likukute barabarani, nalo ni saa. Ukitoka Tunduma, mji wetu wa mpakani, ukaingia Nakonde ya Zambia, yani hatua za mguu tu, saa yako inatakiwa irudi nyuma saa nzima. Tunduma ikiwa saa nne asubuhi, ng'ambo pale ni saa tatu. Jua lile lile, vumbi lile lile, na kuna watu wanalala upande ule wanafungua duka upande huu kila siku. Sasa hiyo saa moja imeenda wapi?

Mi nililijua hili kwa machungu. Nililala gesti moja Tunduma, karibu kabisa na mpaka, nina tiketi ya basi la saa kumi na moja alfajiri la kuniwahisha Iringa kwenye mazishi ya bamdogo. Nikatega alamu saa kumi kamili nikalala. Usiku simu ikadaka mnara wa upande wa Zambia, na kwa kuwa setingi ya saa ilikuwa ya kujibadilisha yenyewe, ikajirudisha nyuma saa moja bila kuniuliza, alamu inalia mi najua ni saa kumi kumbe Tanzania nzima ishafika saa kumi na moja, nakimbia stendi na begi nakuta gari lishaondoka. Walizika saa tisa mchana. Mi nimefika magharibi, watu wanakunja maturubai. Toka siku hiyo kila ninayesikia anaenda mpakani namshika mkono namwambia habari ya saa kwanza, mengine baadaye.

Tuanze na sababu yenyewe. Dunia inajizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, kwa hiyo jua linatembea nyuzi 15 kila saa, ambayo ni dakika nne kwa kila nyuzi moja. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi mbalimbali walikaa Washington kule Marekani wakakubaliana kwamba mstari wa sifuri, ule wa kuanzia kuhesabu nyuzi kwenda mashariki na magharibi, upite Greenwich, London, na kadiri miaka ilivyoenda nchi nyingi zikawa zinapanga saa zao kwa kuhesabu kutoka hapo. Tanzania tuko saa tatu mbele ya Greenwich. Zambia na Malawi wako saa mbili mbele. Hapo ndo inapotoka ile saa moja.

Ila sehemu inayonishangaza mpaka leo ni hii. Ukizidisha saa tatu mara nyuzi 15 unapata nyuzi 45 mashariki, yani huo ndo mstari ambao jua lake linakubaliana sawasawa na saa yetu. Na huo mstari haugusi ardhi ya Tanzania hata kidogo! Uko mashariki zaidi, unapita Somalia, unakatiza bahari, unaenda kupita Madagascar. Mbeya sisi tuko kwenye nyuzi 33 na nusu hivi, karibu zaidi na nyuzi 30, ambao ndo mstari wa saa za Zambia na Malawi. Kwa hesabu ya jua peke yake, Mbeya tungekuwa tunasoma saa ile ile na watu wa Lusaka.

Na mwenyeji wa huku hili analiishi kila siku hata kama hajawahi kulifikiria. Jua likisimama utosini pale Mwanjelwa, hapa mjini Mbeya, ukiangalia saa utakuta kwa wastani ni saa saba kasoro robo, wala sio saa sita. Mwezi wa sita na ile baridi yetu, jua linachomoza kwenye saa moja kamili ya asubuhi, ndo maana watoto wanaenda shule giza halijaisha vizuri na mikono wameficha kwenye sweta. Dar wanaliona jua dakika 23 hivi kabla yetu kwa sababu ya nyuzi tu, Iringa wako hapo katikati.

Basi kwa nini tusitumie saa za Zambia? Kwa sababu saa za nchi zinapangwa na serikali, jua halipigi kura. Dar iko nyuzi 39 na kitu, yenyewe kweli iko karibu zaidi na 45 kuliko 30, na Kenya na Uganda nao wanatumia saa hizi hizi zetu, kwa hiyo benki, ndege, redio, ofisi, vyote vinakwenda pamoja. Nchi ingeweza kukatwa vipande viwili kama Kongo, Kinshasa wana saa yao na Lubumbashi yao, lakini fikiria basi linatoka Mbeya saa moja linafika Morogoro abiria wanaanza kubishana saa. Wachina nchi yao ni pana mara nyingi kuliko yetu na wana saa moja tu ya Beijing.

Kitu cha kuweka kichwani: Tanzania ina majirani wanane inaopakana nao, na wanaofanana saa na sisi ni wawili tu, Kenya na Uganda. Wengine wote, Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi, Msumbiji na Kongo upande wa mashariki, wako nyuma yetu saa moja. Kwa hiyo hata ukipitia Kasumulu kule Kyela ukavuka mto Songwe kuingia Malawi, ukakuta Wangonde wa Karonga wanaongea lugha ambayo Mnyakyusa anaielewa bila mkalimani, usidanganyike ukaona uko nyumbani, saa imeshabadilika. Na dreva wa lori anayepitiliza Zambia mpaka Lubumbashi habadilishi tena, akibadilisha Nakonde imetosha.

Sasa tungekuwa na shida hiyo moja tu ingekuwa nafuu. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna ya pili juu yake. Sisi siku inaanza kukikucha, saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, na Waethiopia nao wanahesabu hivi hivi, maana maeneo yaliyo karibu na ikweta mchana na usiku vinakaribiana mwaka mzima kwa hiyo kuhesabu kutoka jua linapochomoza kunaleta maana kabisa. Wenzetu wa Zambia na Malawi wanahesabu kizungu, kutoka usiku wa manane, na Wazambia hasa wanapenda kuhesabu mpaka 24, konda anakwambia gari linatoka saa 14 na haoni ajabu yoyote. Kwa hiyo mgeni kutoka huku anatakiwa abadilishe mara mbili, saa ya Kiswahili kwenda ya kizungu, afu arudishe nyuma moja. Hapo ndo watu wanapotea.

Mi nimejitengenezea njia fupi na nimeijaribu vya kutosha, haijaniangusha. Mchana, chukua saa yako ya Kiswahili ya Tanzania ongeza tano. Basi. Saa mbili asubuhi kwetu, mbili na tano ni saba, kwao ni 7. Saa saba mchana kwetu kwao ni 12. Saa kumi jioni inakuwa 15, tena imeshatoka kwenye hesabu yao ya 24 bila wewe kuhangaika. Kurudi ni kutoa tano, wakikuandikia basi linatoka 6:00 asubuhi, sita toa tano ni moja, kwa hiyo nyumbani itakuwa saa moja asubuhi. Usiku unaongeza 17 badala ya tano, ikizidi 24 unatoa 24, saa mbili usiku kwetu inakuwa 19 kwao. Muandikie mzazi anayesafiri kwenye karatasi, akunje aweke pamoja na pasipoti.

Angalizo moja hapa. Nakonde Kiswahili kimejaa, na ukikaa na wafanyabiashara pale mtu anaweza kukwambia tukutane saa tatu na wote mkaitikia, kila mmoja na saa tatu yake, mwingine anasoma ya Tanzania mwingine ameshaihamishia Zambia. Wenyeji wana swali lao, "saa za wapi?" Liulize bila aibu. Wanakuheshimu zaidi ukiuliza kuliko ukikaa juani saa nzima unamsubiri mtu ambaye hajachelewa.

Simu ndo adui mkubwa. Ukiwa Tunduma, au gesti yoyote iliyo jirani na mpaka, zima ile setingi ya saa kujibadilisha, uweke mwenyewe kwa mkono. Ukishavuka kabisa na huna mpango wa kurudi leo, badilisha kwa mkono tena. Na mtandao wa kule ukikudaka intaneti ikiwa wazi unakatwa hela nyingi kimya kimya, kwa hiyo zima data mapema, nunua laini ya kule.

Halafu giza. Hili naomba hasa akina dada wanaosafiri peke yao walisikie. Mwezi wa sita Tunduma jua linazama kama saa moja kasoro dakika ishirini na kitu jioni, jua hilo hilo kwa saa za Nakonde linazama saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini na kitu. Lusaka nako mwezi huo jua linazama kabla ya saa kumi na mbili. Umeshabadilisha saa, umeambiwa utafika saa kumi na mbili, kichwani bado una jioni ya Mbeya yenye mwanga, unashuka unakuta giza limeshaingia na hujui gesti iko wapi. Pangilia ufike saa tisa au kumi za kule.

Tiketi, iwe ya basi au ya ndege, inaandikwa saa ya mji wenyewe, ya kuondokea ni saa ya unakotoka na ya kufikia ni saa ya unakokwenda, kwa hiyo usitoe moja kwa nyingine ukadhani umepata muda wa safari. Na ukipiga nyumbani saa tatu usiku ya Lusaka, mama yako aliye Tukuyu kwake ni saa nne, ameshalala.

Hayo mengine kwa kifupi tu. Mtanzania haombi viza Zambia wala Malawi kwa matembezi, ila pasipoti yako igongwe muhuri, usipite njia za panya hata kama umati mzima unapita. Kadi ya homa ya manjano ibebe, wanaweza wakaiuliza, na tangu mwaka 2016 cheti hicho kinahesabika cha maisha. Hela zote mbili zinaitwa kwacha lakini ya Zambia na ya Malawi ni vitu viwili tofauti, usichanganye. Zambia ilikata sifuri tatu mwaka 2013, ukipewa mpakani noti iliyoandikwa elfu hamsini ujue ni ya zamani, mrudishie.

Na hilo neno kwacha, unajua maana yake? Kumekucha. Ni kitenzi kile kile chetu cha kucha, wakakiweka kwenye hela zao, Zambia mwaka 1968 na Malawi 1971. Mi kila nikiishika ile noti nakumbuka kwamba kule kunakucha karibu wakati mmoja na Mbeya, ni saa tu ndo zimetofautiana.

Mwisho ni safari ya kurudi, na hii ndo inayouma zaidi. Wakati wa kwenda hata ukisahau kubadilisha unafika mapema tu, unasubiri kidogo yameisha. Wakati wa kurudi ile saa inachukuliwa. Umetoka Nakonde saa kumi jioni za kule umejipa matumaini ya kuwahi gari la mwisho la Mbeya, unamaliza muhuri unaingia Tunduma ni saa kumi na moja na zaidi, makonda wanapakia mizigo ya mwisho. Kwa hiyo siku ya kurudi, usiku wa kuamkia safari, kabla hujalala, rudisha simu yako kwenye saa za Tanzania ukiwa bado uko kule kule, na uamke kwa hizo.